Shajara ya mradi: kuhamisha kompyuta 14 za ofisi ya forodha kwenda LibreOffice

Jumatatu, 10 Februari 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu mzee, bosi wetu, amekubali tuanze kuhamia LibreOffice, programu za bure za kuandikia na kupigia hesabu badala ya Word na Excel, na najijua nisipoandika, miezi miwili ikipita nusu ya tuliyokutana nayo itakuwa imeshapotea. Pia kuna jamaa watatu wenye ofisi kama yetu wameniomba niwape mrejesho.

Sisi ni mawakala wa forodha, tupo Dar maeneo ya Kurasini, kompyuta 14 hapa na nyingine 3 kwenye kijiofisi chetu cha Tunduma mpakani na Zambia. Kazi yetu ni karatasi. Mzigo wenyewe tunauona mara chache, kutwa nzima ni invoisi, paking listi, barua kwa wakala wa meli, kotesheni kwa mteja, hesabu ya ushuru, halafu barua tena. Faili lisipofunguka asubuhi kontena linalala bandarini na mteja anaanza kuhesabiwa stoo na demareji (faini ya kuchelewesha kontena), kwa hiyo mnielewe nikiwaambia kwamba kubadilisha programu ya kuandikia kwetu ni jambo la hela kabisa.

Kilichotufikisha hapa: kati ya zile 14, zenye leseni halali ya programu za ofisi ni 4 tu. Kumi zilizobaki ni za kukraki, yaani za wizi, fundi alikuja na flashi miaka hiyo akaweka akaondoka. Mwezi uliopita moja ikaanza kujifungia mafaili yenyewe, kumbe kirusi kiliingia na hicho hicho kiprogramu cha kukrakia, tukapoteza siku mbili na folda nzima ya mteja mmoja, ikabidi tumpigie atutumie nyaraka zake upya. Hilo la kumuomba mteja karatasi zake mwenyewe lilimuuma sana mzee. Akasema ama tununue zote ama tutafute njia nyingine, lakini wizi mwisho leo. Nikaleta profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya leseni 10, akaisoma, akaiweka mezani, akaweka miwani juu yake na hakusema kitu mpaka jioni.

Nilipomtajia LibreOffice swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, hiyo ya bure nani anailipia?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye huu mradi na naona kila mwenye biashara angeanzia hapo. Nikamweleza kwamba asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, kampuni aliyoianzisha Marco Börries mwaka 1985 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Sun ya Marekani wakainunua 1999, mwaka 2000 wakaachia msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) wazi kwa jina la OpenOffice.org, mwaka 2010 Oracle wakainunua Sun, na Septemba ya mwaka huo huo sehemu kubwa ya waliokuwa wanaitengeneza wakajitoa wakaunda The Document Foundation na kuiita LibreOffice. Taasisi ipo Berlin na inaishi kwa michango, halafu watengenezaji wengi wanalipwa mishahara na kampuni zinazouza huduma ya msaada kwa serikali na mashirika makubwa. Yaani anayehitaji msaada mkubwa ndo analipa, na kinachotengenezwa kwa hela yake kinaingia kwenye programu ile ile tunayoshusha sisi. Leseni yake, MPL, inaruhusu biashara kuitumia kwenye kompyuta zozote bila kulipia.

Akauliza wakubwa gani wanaitumia. Nikamtajia Gendarmerie, maaskari wa Ufaransa, walihamia OpenOffice kuanzia 2005 kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta, na jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani ambalo Aprili mwaka jana limetangaza kupeleka kompyuta 30,000 za serikali kwenye LibreOffice. Sikumficha na München pia, mji ulioamua kuhama 2003, ukafika kwenye kompyuta zipatazo 15,000, halafu 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi fanya kama hao maaskari."

Na ndo tunavyofanya. Gendarmerie walianza na programu za ofisi wakiwa bado kwenye Windows, mfumo wenyewe wa kompyuta wakaja kuubadilisha baadaye kuanzia 2008 walipohamia Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Watu wakazoea kimoja kwanza. Sisi Windows haiguswi kwenye huu mradi.


Jumatatu, 17 Februari

Wiki nzima sijaweka programu kwenye kompyuta hata moja, na kuna mwenzangu alikuwa anapita anauliza "vipi, bado hujaanza?" Nimeanza. Nilikuwa nazunguka na daftari meza kwa meza nauliza kila mtu swali moja: faili gani ukilikosa leo huwezi kufanya kazi?

Majibu yamenifungua macho. Kwenye folda la pamoja kuna mafaili maelfu kwa maelfu, lakini ya kazi, yale mama ambayo mengine yote ni kopi zake, ni 23 tu. Barua zenye nembo ya ofisi ziko 9 (nne kati ya hizo zinafanana kila kitu isipokuwa namba ya simu, na mbili zina namba ya simu tuliyoacha kuitumia zamani), invoisi, fomu za ndani, karatasi ya mishahara, rejista ya makontena, na mfalme wao, shiti ya kotesheni. Yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) ni mawili, kotesheni na lile faili la benki la kupakia mishahara.

Hii nawaambia wale jamaa watatu kwa msisitizo kabisa, hesabuni mafaili kwanza, kompyuta baadaye. Kuinstoli ni dakika kumi, na mtu akikwambia "nimeshahamisha ofisi nzima" kwa maana ya kuinstoli, jua bado hajaanza. Kinachohamishwa ni kazi, na kazi imekaa ndani ya hayo mafaili 23.


Jumatatu, 24 Februari

Kompyuta mbili tayari, yangu na ya mama wa mapokezi. Nimechagua toleo la 24.8 nikaacha la 25.2 lililotoka mwezi huu huu, maana la 24.8 limeshasahihishwa mara kadhaa na kwa ofisi nataka kitu kilichotulia. Lina pia ile fomula ya XLOOKUP ya kutafutia kitu kwenye jedwali, ambayo kijana wetu wa bandarini anaipenda kuliko chakula.

Tahadhari moja. Mwenzangu alitaka kunisaidia akaenda kushusha mwenyewe, akaandika "openoffice" kwa sababu ndo jina alilolisikia chuoni, akapata Apache OpenOffice. Hiyo bado ipo na ni halali, ila ilibaki nyuma sana baada ya 2010, na jambo moja tu linatosha kutukwamisha sisi: inafungua docx na xlsx (mafaili ya Word na Excel) lakini haiwezi kusevu kwa muundo huo. Mteja akikutumia xlsx akataka umrudishie xlsx umekwama. Andikeni libreoffice.org moja kwa moja.

Nimebadilisha vitu vichache kabla ya kumkabidhi mama: karatasi iwe A4, maana ilikuja na Letter kwa sababu Windows yenyewe ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, tarehe ianze siku ndo mwezi, sarafu iwe shilingi ya Tanzania, kujisevu kila dakika 3 badala ya 10, na sura ya menyu nimeiweka ile yenye vichupo juu ili ifanane na alichozoea. Kafungua barua, kaandika, kaprinti, kaniuliza, "Ndo hii tu?" Kwa meza yake ndo hiyo tu mama.


Jumatatu, 3 Machi

Barua zenye nembo. Nilidhani fonti ndo itatusumbua, kumbe hapana. Barua zetu zote ni Calibri, na LibreOffice inakuja na fonti inaitwa Carlito ambayo kila herufi ina upana sawasawa na ya Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale hata kama Calibri haipo. Kwa Cambria kuna Caladea, kwa Arial na Times New Roman kuna zile za Liberation. Watu walifikiria mbali.

Kilichosumbua ni jinsi barua zilivyotengenezwa. Nembo imewekwa kwenye kisanduku, juu yake kisanduku kingine cheupe cha kufuta anwani ya zamani, juu ya hicho kingine chenye anwani mpya, na vyote vimesukumwa kwa spesi mpaka vikae pazuri. Kwenye programu mpya visanduku vikasogea na anwani ya zamani ikachungulia. Nilihangaika kutwa nzima kuvirudisha, kesho yake nikaacha nikatengeneza templeti moja mpya kutoka mwanzo, nembo kwenye kichwa cha ukurasa, anwani kwenye jedwali lisilo na mistari, mitindo ya aya imepangwa. Saa moja na nusu. Barua 9 zimekuwa moja.


Jumanne, 11 Machi

Leo ni habari ya shiti ya kotesheni na nitaandika ndefu.

Shiti hii aliitengeneza mhasibu aliyeondoka zamani, hakuna aliyebaki anayejua ndani yake kuna nini, ila kila hela inayoingia ofisi hii imepita humo. Unaweka thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli, inakupa ushuru, inakupa VAT, inaongeza gharama za bandari na ada yetu, halafu kuna kitufe chekundu kinatoa PDF na kuongeza namba ya kotesheni.

Nilipoifungua kwenye Calc, sehemu ya hesabu ya LibreOffice, mara ya kwanza ikaja safi, kila namba mahali pake, nikamwita kijana wa bandarini tukafurahi. Nikabadilisha thamani ya mzigo kujaribu, na seli kama nane zikageuka #VALUE!, alama ya kosa, kwa mpigo. Moyo ukaruka.

Kumbe kwa kawaida Calc ikifungua xlsx haipigi hesabu upya, inaonyesha majibu yaliyosevuliwa na programu ya mwanzo, ndo maana ilionekana safi. Sasa nimeiweka ipige hesabu upya kila inapofungua faili, ipo kwenye mipangilio ya Calc sehemu ya fomula, na ukiwa ndani ya faili Ctrl+Shift+F9 inalazimisha kila kitu kihesabiwe. Fanyeni hivyo kabla hamjasema faili limepona.

Halafu nikaanza kutafuta chanzo cha hizo #VALUE!. Saa mbili na nusu. Tatizo lilikuwa mstari wa stoo. Mtu amekuwa anakopi kiasi kutoka kwenye PDF ya bandarini na kukipesti, na kinaingia kama maandishi siyo namba, yaani 1,284,500 pamoja na mikato yake ni neno tu kama "kontena". Programu ya zamani ukijumlisha kwa alama ya + inalibadilisha lile neno kuwa namba kimyakimya. Calc inagoma, inasema hii sielewi kama mkato ni wa maelfu au wa desimali, nionyeshe. Mwanzoni nilikasirika, nikaona hapa ndo mahali watu wanaporudi walikotoka.

Lakini nikaangalia jumla ya chini. Jumla ya chini haitumii +, inatumia SUM, na SUM inaruka maandishi kwenye programu zote mbili, ya zamani na hii. Maana yake VAT ya huduma ilikuwa inahesabu stoo ndani yake, ila jumla ambayo mteja anaiona na kuilipa haina stoo. Nikatoa kotesheni za mwaka jana nikazipitia moja moja. Sita zina hilo kosa. Mara sita tumemlipia mteja stoo mfukoni mwetu na hakuna aliyejua, kwa sababu shiti haikulalamika hata siku moja.

Nimekaa nikaitengeneza upya yote. Nimeipima na mzigo wa mfano ambao unaweza kuupiga kwa kalamu: thamani 20,000,000, ushuru wa asilimia 25 ni 5,000,000, VAT ya asilimia 18 juu ya 25,000,000 ni 4,500,000, kabla ya tozo nyingine ndogondogo. Imetoka hivyohivyo. Viwango vyote nimevitoa ndani ya fomula nikaviweka kwenye shiti moja ya pembeni, Juni bajeti ikibadilisha kitu tunagusa seli moja. Seli za kuingizia namba zinakataa maandishi. Kitufe chekundu nimekitoa, makro yake haikukubali na baada ya kuielewa nikaona hatuihitaji, kutoa PDF ni alama moja iliyopo tayari juu, na namba za kotesheni zimehamia kwenye rejista ambayo kila mtu anaiona.

Nilimwonyesha mzee zile sita. Hakugomba. Akachukua kalamu akajumlisha mwenyewe kwenye karatasi, akanirudishia, akasema endelea.


Ijumaa, 14 Machi

Kitu kimetokea leo sikukipanga.

Mzee ana folda linaitwa ZAMANI, limehama naye kutoka kompyuta hadi kompyuta tangu anaanza kazi, ndani kuna mafaili ya Lotus 1-2-3, programu ya hesabu ya enzi hizo. Hakuna programu yoyote hapa ofisini iliyokuwa inayafungua, ameyabeba tu. Kaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu, "Na haya?" Nikalibofya moja mara mbili likafunguka kwenye Calc, namba zote, mistari yote.

Ni kotesheni ya 1999, baiskeli kutoka India za mteja wa Kigoma, na kwenye mstari wa VAT kuna asilimia 20. Mzee akavuta kiti akakaa. Akasema ndiyo, ilianza 1998 ikiwa 20, ikashuka kuwa 18 mwaka 2009, akaanza kutusimulia huyo mteja wa Kigoma alivyokuja kulipa noti kwenye mfuko wa rambo na walivyozihesabu usiku. Tumefungua mafaili kumi na moja tukichelewa kutoka na hakuna aliyekuwa na haraka.

Kuna watu wamejitolea kuandika msimbo wa kusoma mafaili ya programu zilizokufa, kazi isiyo na sifa wala hela ya maana, na matunda yake yamefika Kurasini. Nilitamani wangeiona sura ya mzee.

Ndo akaniuliza, je haya tunayoandika sasa mjukuu wangu atayafungua? Nikachukua barua moja ya odt, muundo wa LibreOffice yenyewe, nikabadilisha mwisho wa jina lake kuwa zip, nikaifungua, ndani kuna faili linaitwa content.xml, nikalifungua kwa kile kiprogramu cha notsi cha kawaida na maneno ya barua yakaonekana katikati ya alama alama. Muundo huu, ODF, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006 na kitabu chake mtu yeyote anaweza kukisoma akaandika programu ya kuufungua. Sheria inatutaka tutunze nyaraka za forodha miaka 5, mzee yeye ametunza zaidi ya 25.

Tumeamua leo hii hii: ndani ya ofisi kila kitu kinasevuliwa ODF, kinachotoka nje ni PDF, na mteja akitaka faili la kuhariri anapewa docx au xlsx iliyotolewa kopi. Mwanzoni nilikuwa nimeweka kila kitu kijisevu xlsx ili watu wasisumbuke, lakini kila faili linapovuka kwenda muundo mwingine na kurudi kuna kitu kidogo kinapotea, rangi ya seli inayobadilika kwa sharti hapa, ukubwa wa kisanduku pale. Bora livuke mara moja, mwisho wa safari.


Jumatano, 26 Machi

Mafunzo. Tupo kwenye Ramadhani kwa hiyo nimeyaweka asubuhi saa mbili, dakika 40, watu wanne wanne, na tunatumia faili la mtu mwenyewe. Hakuna mifano ya kitabuni. Aliyekuja na rejista ya makontena anaondoka na rejista ya makontena inayofanya kazi.

Mgumu alikuwa dada wa akaunti, na nataka nimtendee haki, maana wengi wangemuita mtu asiyependa mabadiliko. Siku ya kwanza kaniambia, "Mdogo wangu, mimi mikono yangu inajua yenyewe, nikifikiria nachelewa." Nikakaa pembeni yake asubuhi nzima naandika kila kitufe anachobonyeza. Anabonyeza haraka kuliko ninavyoandika. Vingi vinafanya kazi vilevile, F2, F4 ya kuweka alama ya dola, Alt na sawasawa ya kujumlisha, Ctrl+D ya kujaza chini. Kilichokuwa kinamvunja ni kimoja, kupesti namba bila fomula, anakitumia pengine mara mia kwa siku na njia aliyoizoea haipo. Kwenye Calc unaweza kukipangia amri hiyo kitufe chochote unachotaka. Nikamuuliza anataka kipi, akachagua, nikampangia.

Siku ya nne akaniita akaniambia niende nikampangie na kijana wa stoo hicho hicho. Kama ningemwambia "utazoea tu" ningempoteza, na akipotea mtu wa akaunti mradi wote umekwisha hata kama kompyuta 13 zimehama.


Jumanne, 8 Aprili

Kompyuta 9 kati ya 14.

Umeme umekatika mara mbili jana. Ulivyorudi, rejista ya makontena ikawa inasema imefunguliwa na mtu mwingine na haikubali kuandikwa, watu wakaogopa. LibreOffice ikifungua faili kwenye folda la pamoja inaweka pembeni kifaili kilichofichwa kinachoanza na .~lock, kompyuta ikizimika ghafla kile kifaili kinabaki. Hakikisha kweli hakuna aliyefungua, kifute, endelea. Nimebandika maelezo ukutani juu ya printa.

Hakuna faili lililopotea, zile dakika 3 zimetuokoa. Ila nimemwambia mzee sehemu ya ile hela ya profoma inunue UPS (betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika) za meza mbili, ya akaunti na ya kotesheni. Amekubali.


Jumanne, 29 Aprili

Kompyuta 13. Ya 14 haitahama.

Faili la benki la kupakia mishahara limefungwa kwa neno la siri na makro yake haiendi kwenye Calc, nimejaribu kila ninachokijua. Nimewaandikia kuuliza kama wanapokea CSV, faili la maandishi matupu lisilo na makro, sijajibiwa. Kwa hiyo kompyuta moja yenye leseni halali inabaki na programu ya zamani, inatumika siku mbili kwa mwezi, na nimeridhika na hilo. Ukilazimisha 14 kwa 14 mshahara ukachelewa mara moja tu, hakuna mtu ofisini atakayekumbuka zile kotesheni sita.

Jambo lililonifurahisha wiki hii ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, inakuja ndani ya LibreOffice, wakati wa kuinstoli unaichagua tu. Barua zetu za Kiswahili kwa madereva na wateja wa mikoani zilikuwa zimejaa mistari myekundu kila neno kana kwamba tumekosea kuzaliwa. Sasa myekundu inakaa chini ya makosa ya kweli, na maneno yetu ya kazi kama demareji tumeyaongeza wenyewe kwenye kamusi ya ofisi. Watu wengi hawajui kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice, chini ya mradi wa Kilinux. Miaka 20 iliyopita kuna watu hapahapa mjini walikaa wakabishana "file" iitweje na "paste" iitweje, na sisi wenye ofisi hatukuitumia, tukaenda kwa fundi wa flashi. Inaniuma kidogo.


Jumanne, 20 Mei

Hali ya leo: 13 zimehama na zinafanya kazi, kwenye zile zilizokuwa za kukraki tumeondoa programu zote za wizi na kusafisha. Mafaili 21 kati ya 23 yamejengwa upya au kuhakikiwa, moja la benki linabaki, na moja tumegundua hakuna anayelitumia.

Wiki iliyopita mteja alirudisha mkataba wa docx wenye masahihisho ya rangi, tukayapokea na kuyajibu kwenye Writer, sehemu ya kuandikia ya LibreOffice, bila tatizo. Kitu kimoja bado kinanisumbua, jedwali refu kwenye barua moja linaruka ukurasa likigeuzwa docx. Nimeliripoti kwa watengenezaji, wakaniomba faili la mfano lisilo na taarifa za mteja, nimelitengeneza na kulituma jana.

Hela: mzee ameigawa ile ya profoma mafungu matatu. UPS zimeshakuja. Fungu la pili ni la diski ya nje ya bakapu, maana ile folda ya Januari haijasahaulika. La tatu amesema litumwe Berlin kama mchango, kila mwaka, na ametaka risiti ije kwa jina la ofisi aiweke kwenye faili la matumizi kama matumizi mengine.

Suala la Windows 10 kufikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba lipo mezani, kompyuta 6 zetu haziwezi kupokea Windows 11. Maaskari wa Ufaransa wana jibu la hilo pia, ila tutaongea baada ya bajeti ya Juni, sasa hivi dada wa akaunti hataki kusikia.

Alhamisi alfajiri napanda basi la Tunduma na flashi mbili na templeti zote. Wale kule wana kompyuta 3 na intaneti ya kusuasua, na wamenipigia leo kuniambia shiti yao ya kotesheni siyo ile ya kwetu, wana ya kwao, mtu fulani aliwatengenezea zamani na ina vitufe vitatu vyekundu. Nimewaambia wasiiguse mpaka nifike.